Sifa Kwanza, Chanuo Baadaye

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na daftari hili nalo nimelianza leo. Ni daftari la miadi la mwaka jana. Nusu yake haikuguswa, na Madamu, mwenye saluni, alikuwa anakwenda kulitupa. Juu ya kila ukurasa pameandikwa "Kiti cha 1". Hicho ndicho kiti changu, kile cha dirishani, huu mwaka wa kumi na tisa, kwa hiyo nimeona ni haki yangu kulijaza.

Nalijaza kwa sababu nina woga, na woga wa mwanamke wa miaka hamsini na moja ukiusema kwa mdomo watu wanacheka.

Asubuhi Madamu alituita kabla ya kufungua mlango. Tuko wasusi wawili tu, mimi na Kichuna. Kiti cha tatu, kile cha karibu na beseni la kuoshea, hakina mtu tangu mwenzetu ahame. Madamu akasema kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, atakuja mtaalamu wa sindano za uso na atakaa kwenye chumba kidogo cha taulo. Sindano hizo zinafuta makunyanzi. Mtu anaingia bibi, anatoka binti. "Na ninyi mtakuwa wa kwanza, mimi ndiye nitakayemlipa. Ninyi ndio bango langu."

Aliposema hivyo hakumtazama Kichuna, mwenye paji kama yai. Alinitazama mimi.

Nina mistari miwili katikati ya nyusi, imesimama wima, na mingine minne imelala juu ya paji. Ile miwili nimeipata kwa kukazia macho njia za nywele za watu tangu sijaolewa. Kwa ajili yake hapa saluni wananiita Hakimu.

Sindano naiogopa tangu utotoni. Nilipojifungua mwanangu wa mwisho nilimng'ata nesi, na wala alikuwa hajanichoma, alikuwa anapita tu.

Jumanne, Machi 4

Mvua. Wateja wawili, na mmoja alikuja kujikinga tu.

Alhamisi, Machi 6

Watu hawaijui kazi hii. Fundi viatu anaangalia kiatu, fundi saa anaangalia saa. Msusi anaangalia kioo kutwa nzima, na juu ya kila kichwa cha mteja upo uso wako mwenyewe. Wateja wanabadilika, uso unabaki. Nimejiona nikizeeka juu ya vichwa vya watu.

Leo mteja mmoja, mgeni, alikaa kimya kama nusu saa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Dada, nimekukosea nini?" Nikacheka, nikamwambia hujanikosea kitu, ndivyo nilivyo nikisuka. Akacheka na yeye. Lakini alipotoka alimwuliza Kichuna wiki ijayo ana nafasi siku gani. Nilisikia, na Madamu alisikia.

Nimemweleza mume wangu habari ya sindano. Yeye ni fundi bomba, na kwake dunia nzima ni bomba. "Lisilovuja haliguswi," akasema.

"Na mimi sivuji?"

Akaniangalia kwa makini kama anaangalia koki. "Hapo katikati, kidogo."

Nimemnunia mpaka chakula kilipoiva.

Jumapili, Machi 9

Leo nimemsuka Mama. Yuko nasi tangu Baba afariki, na kila Jumapili namkalisha mbele ya kioo cha kabati langu, namsuka mistari yake sita ya kurudi nyuma. Ana miaka sabini na sita na nywele bado zinashikika.

Leo alikuwa amependeza kupita siku zote. Paji lake upande wa kushoto lilinyooka kabisa, hakuna hata mstari. Nikamwambia, "Mama, leo umekuwa kijana!" Akasema labda ni yale mafuta mapya. Alilalamika kwamba nyuma ya sikio panamuuma, nikamwambia ni upepo wa mvua, nikamfunga kitambaa.

Nikajisemea: tazama, mafuta tu yamefanya hivi. Pengine sindano nayo haina la kutisha.

Jumatatu, Machi 10

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpa Mama chai yake. Akapiga funda, na chai ikamtoka upande wa kushoto wa mdomo, ikateremka mpaka kwenye gauni, na yeye hakujua. Alikuwa ananiangalia akishangaa kwa nini nimemkodolea macho. Akapepesa. Jicho la kulia likafumba na kufumbua. La kushoto likaendelea kuniangalia.

"Una nini mwanangu?" akasema, na neno likatoka limelegea, mdomo wote umevutwa kulia.

Mume wangu alitoka bafuni na povu la sabuni masikioni, akamwona, akaenda kutafuta gari. Njia nzima nilikuwa na neno moja moyoni, kiharusi, na sikulisema. Niliogopa nikilitamka litasikia jina lake. Nilimshika Mama mkono wa kushoto nikawa naubonyeza, naye kila mara akanibonyeza, nami sikuamini, nikabonyeza tena mpaka akaniambia, "Utanivunja."

Daktari alikuwa binti mdogo, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akamwambia Mama ainue mikono, akainua yote miwili. Ambane vidole, akambana. Acheke, na hapo nikaangalia pembeni. Kisha akasema, "Inua nyusi, mama, kama umeshangaa." Upande wa kulia ukapanda na mistari yake yote. Wa kushoto ukabaki vilevile, kama kitambaa kilichopigwa pasi.

"Si kiharusi," daktari akasema. "Kiharusi mara nyingi kinaliacha paji, mgonjwa bado anaweza kulikunja. Huu ni mshipa wa fahamu wa uso, umevimba, umebanwa. Upande wote umelala."

Nilitaka kumbusu. Kisha akachukua kalamu yake kichwani akauliza, "Mabadiliko mmeyaona lini?"

"Leo asubuhi," nikasema. Halafu nikakumbuka. "Hapana. Jana. Paji lilikuwa limenyooka."

"Ukafanya nini?"

Ningemwambia nini? Nilimsifu.

Siku yangu ya kwanza saluni Madamu alinifundisha sheria moja: sifa kwanza, chanuo baadaye. Mteja akikaa, kabla hujagusa nywele, tafuta kitu kizuri usoni pake ukiseme. Miaka kumi na tisa. Siku hizi ulimi unasifu wenyewe kabla macho hayajaona. Mama yangu alipooza mbele yangu, kwenye kioo changu, mikono yangu ikiwa kichwani pake, nami nikampa sifa na kumfunga kitambaa.

Daktari amesema vidonge vinafanya kazi vizuri vikianza mapema, na kwamba hatujachelewa, ingawa jana ingekuwa bora kuliko leo. Jicho liwekewe matone na wakati wa kulala libandikwe plasta, kwa sababu halifumbi na litakauka. Nikauliza, "Atapona?" Akasema wengi hupona, wengine kwa wiki chache, wengine kwa miezi. "Kwa umri wake siwezi kukuahidi."

Mvua ilitunyeshea toka mlangoni pa hospitali hadi kwenye gari. Mama alifuta maji upande mmoja tu wa uso.

Jumatano, Machi 12

Naogopa kumwangalia. Naogopa nisipomwangalia.

Jumamosi, Machi 15

Mtaalamu wa sindano amekuja. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini ni mtu wa makamo, mpole, shati jeupe, kucha safi, kabla ya kugusa kitu ananawa kama anayekwenda kupasua mtu. Ametundika na cheti ukutani, juu ya taulo. Madamu ameniambia leo nimesamehewa kwa sababu ya mgonjwa nyumbani. Neno "leo" alilivuta kidogo.

Kichuna ameingia. Baada ya dakika kumi ametoka na vidoa vyekundu kama ameng'atwa na mbu. "Hata sikusikia, dada," akaniambia. Kichuna huyohuyo akijikata ukucha anaomba maji.

Alhamisi, Machi 20

Mazoezi ya Mama yameanza. Asubuhi na jioni, mbele ya kioo cha kabati, mimi nyuma yake. Taratibu, daktari alisema, bila kulazimisha. Mimi ndiye ninayetoa amri.

"Inua nyusi, Mama. Kasirika. Shangaa. Piga mluzi."

"Mluzi nimpigie nani, baba yako hayupo."

Upande wa kulia unafanya yote, unakasirika na kushangaa kama mtoto wa shule mwenye bidii. Wa kushoto unatazama. Naweka kidole changu juu ya unyusi wake nausukuma juu kidogo ili ukumbuke njia. Ngozi ni laini ajabu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitamani ngozi kama hiyo, na sasa nikiigusa mkono unanisisimka.

Jumamosi, Machi 29

Kichuna amekuwa mzuri. Siwezi kusema uongo kwenye daftari langu mwenyewe. Hakuna kilichopinda wala kilichovimba. Uso umetulia, kama mtu aliyetoka likizo. Wateja wanamwuliza amefanya nini, anawaonyesha chumba cha taulo kwa kidevu. Watano wamejiandikisha. Madamu anatembea akiimba.

Mtaalamu alikuwa na nafasi saa nane, nikaingia, nikasimama mlangoni na chanuo mkononi kama bunduki. Nikamwuliza inafanyaje kazi.

"Inalaza misuli, dada. Msuli ukilala, ngozi ya juu haikunjiki."

"Unalala mpaka lini?"

"Miezi mitatu, minne. Halafu unaamka wenyewe, tunaulaza tena."

"Na usipoamka?"

Akatabasamu. "Huwa unaamka."

Alisema pia, bila kuficha, kwamba kwa mtu mmoja mmoja dawa inateleza kidogo na ukope unashuka kwa wiki kadhaa, halafu unarudi. Ni nadra, akasema. Mwongo angenitia moyo kuliko yeye. Nilirudi kwenye kiti changu nikasuka njia mbili zilizopinda, nikazifumua, nikasuka tena.

Jumatano, Aprili 2

Leo nimezeeka miaka kumi kwa dakika moja, na hiyo hakuna sindano ya kuifuta.

Umeme ulikatika saluni, nikarudi nyumbani mchana. Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba usingesikia mtu akiita. Nikamkuta Mama amelala kitandani, ubavu mmoja, ameelekea mlangoni. Plasta ilikuwa imebanduka kwa jasho, imening'inia shavuni. Jicho la kushoto lilikuwa wazi, linaniangalia.

"Mama," nikasema.

Jicho likaniangalia.

"Mama!"

Halikupepesa. Halikusogea. Nilikwenda kwa magoti, sikumbuki kupiga magoti, nikaweka sikio mdomoni pake na mvua ile ikanizuia nisisikie kitu. Nikamshika bega nikamtikisa, nikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwangu.

Akashtuka. "Nani amekufa?" akasema.

Nikaketi sakafuni nikalia mpaka akashuka akaketi na mimi. Nilimwekea matone. Nilibandika plasta mpya, vipande vitatu. Lakini lile jicho limebaki kwangu. Leo jioni mume wangu alikuwa anasoma gazeti, uso umetulia tu, na mimi nikamwambia pepesa. Akauliza kwa nini. Nikamwambia wewe pepesa.

Jumapili, Aprili 6

Nimemsuka. Sikumsifu. Nilimkagua kwanza kama daktari, ndipo nikashika chanuo. Akasema, "Siku hizi husemi chochote. Nimekuwa mbaya kiasi hicho?"

Nikasema hapana, Mama. Nikaanza mstari wa kwanza.

Jumamosi, Aprili 12

Nilijiandikisha. Ndiyo. Jina langu lilikuwa la tatu.

Nilijisemea hivi: Madamu anataka bango, na asiyekubali kuwa bango atatundikwa wapi? Kiti cha kwanza ndicho wanachokiona watu toka barabarani. Mimi kazi nyingine siijui. Na nikisema ukweli wote, nataka pia. Nataka siku moja niangalie juu ya kichwa cha mteja nimkute mtu aliyepumzika.

Mvua ilifunga barabara, mtaalamu hakufika. Nilipoambiwa nilikwenda chooni nikacheka peke yangu kwa furaha, na nilipotoka nilijikuta nina huzuni. Sijielewi.

Jumanne, Aprili 15

Nimehamishwa. Madamu alisema kwa upole, akanishika na mkono. "Ni kwa muda tu, Hakimu. Wateja wanaingia, wa kwanza wanayemwona ni wewe, wanaogopa. Mpaka ufanye ile shughuli yetu." Kichuna amekwenda cha kwanza. Mimi niko cha tatu, karibu na beseni, dirisha sina, kioo kina ufa kwenye kona.

Kichuna alinisaidia kubeba vitana vyangu. Hakufurahi, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu ningempata wa kumchukia ningepumua.

Alhamisi, Aprili 17

Mvua. Kichwa kimoja.

Jumapili, Aprili 20

Wiki ya sita imekwisha na paji la Mama halijatikisika.

Leo nilipomkalisha mbele ya kioo na kusema "inua nyusi," hakuinua. Nikasema tena. Akachukua mtandio wake akafunika upande wa kushoto, akajiangalia na ule mmoja.

"Yule mtu wenu wa sindano," akasema. "Si ulisema analaza?"

"Analaza."

"Basi mwulize kama anaweza kunilaza na upande huu. Ziwe sawa."

Nilifikiri anatania. Mama anatania mpaka msibani. Lakini macho yote mawili yalikuwa yananiangalia kwenye kioo, lile linalopepesa na lisilopepesa, na hakukuwa na mzaha.

"Mama, huu ndio mzima."

"Ndiyo. Na ndio unaoniaibisha. Ukitulia huu, watu wataona bibi aliyetulia. Nimechoka kucheka nusu." Akavuta mtandio. "Wewe umejiandikisha. Usiniangalie hivyo, mumeo ameniambia. Wewe mzima unalazwa, mimi mgonjwa nisilazwe nina nini? Nenda wewe kwanza. Ukirudi salama, na mimi nitakwenda."

Alikataa mazoezi. Jioni alikataa tena.

Kichwani nimeyapanga mara mia leo. Nisipochoma, kiti changu kimekwenda. Nikichoma, Mama naye atachoma, na upande wa kushoto hautasubiriwa na mtu tena. Utabaki umelala, na mwenzake kando yake amelala, na mimi nitakuwa ndiye niliyemshika mkono kumpeleka. Mara hii sitaweza kusema sikuona.

Jumatatu, Aprili 21

Nimempigia mtaalamu simu nikiomba Mungu aseme haiwezekani. Akasema inawezekana, hufanywa, uso unapata ulinganifu. Kisha akasema kwa umri huo na ugonjwa wenyewe bado mbichi angependa kwanza daktari wake aseme ndiyo. Mtu mwungwana. Nimemweleza Mama ile nusu ya pili tu. "Basi daktari atasema ndiyo," akajibu.

Ijumaa, Aprili 25

Kesho. Mume wangu ameniuliza kama aje. Nimemwambia akae na Mama. Akanishika paji kwa kidole gumba chake kinachonuka gundi ya mabomba, akapitisha juu ya ile mistari miwili, juu, chini. "Nimezoea kujua umekasirika kabla hujasema," akasema. "Inanipa muda wa kukimbia."

Jumamosi, Aprili 26

Nilikwenda. Nataka iandikwe kwamba nilikwenda.

Saa tano niliingia chumba cha taulo. Kuna kiti kimoja kinacholala, taa, meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake sindano. Ilikuwa ndogo. Nilikuwa nimeiota kubwa kama msumari, na udogo wake ukanitisha zaidi. Madamu alisimama mlangoni akisema, "Hakimu wangu, leo tunakuachisha kazi ya mahakama." Kichuna alinishika mkono. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni na mvua ilikuwa nje.

Mtaalamu akafuta uso wangu kwa pamba ya baridi. Akachukua kalamu nyeupe ya kuwekea alama. "Sasa dada, nisaidie nione misuli ilipo. Inua nyusi."

Nikainua. Akaweka nukta nne.

"Kasirika." Nikakasirika. Nukta tano.

"Shangaa."

Ni amri zangu. Kwa mpangilio wangu. Kwa zaidi ya mwezi, asubuhi na jioni, nimezitoa mimi nikimsihi mtu mmoja, kidole changu juu ya unyusi wake, nikiomba nione hata mkunjo mwembamba kama uzi. Uso wangu ulitii wote, kushoto na kulia, bila hata kufikiri. Mtaalamu akafurahi. "Misuli yako ina nguvu sana," akasema, na akaigeukia meza.

Hapo woga ulinipanda toka miguuni. Si ule wa sindano, ule niliuzoea. Niliona jicho lile la mchana, wazi, likiniangalia bila kunijua. Niliona yote mawili, ya Mama, wazi hivyohivyo. Nikaona mimi ndiye nasema, "Mama, leo umekuwa kijana."

Ningependa kuandika kwamba niliamua. Sikuamua kitu. Niliteremka upande wa ukutani, nikaangusha taulo, nikampita Madamu kama mwizi. Viatu nilivivaa mlangoni. Nilitembea nyumbani kwenye mvua na nukta tisa nyeupe usoni na kila niliyepishana naye aligeuka.

Mama alikuwa sebuleni, mtandio upande wa kushoto. Aliniangalia muda mrefu.

"Umechoma?"

"Nimekimbia."

"Umekimbia sindano?"

"Nimekimbia, Mama. Niliogopa. Naogopa uso wako usipokunja. Nilikuona siku ile ya kwanza nikakusifu, na tangu siku hiyo sijalala vizuri. Ukiulaza na huu mwingine mimi sitakuwa na pa kukusoma. Sitajua unaumwa, sitajua umekasirika, sitajua kama uko hai." Nilikuwa nalia na ile rangi nyeupe inaingia machoni.

Kisha akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alininyooshea kidole usoni. "Umekuwa kama kanga," akasema. "Una madoadoa." Akacheka mpaka mtandio ukaanguka, upande mmoja umekunjamana wote na mwingine umenyamaza. Akajifuta. "Ndiyo hivyo. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Leta kioo."

Tukafanya mazoezi yote. Mpaka mluzi.

Jumatatu, Aprili 28

Madamu hakunifukuza. Amesema kiti cha tatu nikizoee. Nimesema sawa, Madamu. Sauti ilinitoka ndogo.

Jumanne, Mei 6

Mvua. Jicho la Mama linafumba nusu. Sijui kama ni kweli au natamani.

Jumamosi, Mei 10

Mtaalamu alipita kwenye kiti changu kunisalimia. Nikamwomba radhi kwa kumkimbia. Akasema mimi si wa kwanza kukimbia, ila ni wa kwanza kuondoka na kazi yake usoni. Sijasema sitachoma kamwe. Nimesema si masika haya. Kila nikijiona kwenye kioo chenye ufa natamani, halafu naogopa.

Kiti cha tatu kimepata wateja wake, wanawake wa umri wangu wanaopenda kukaa mbali na dirisha. Wanazungumza zaidi huku nyuma. Kiti cha kwanza bado kinaniuma, nikipita nakigusa.

Jumatano, Mei 14

Kweli linafumba. Robo tatu. Plasta tumepunguza hadi kipande kimoja.

Jumanne, Mei 20

Hakuna mvua. Hakuna jipya. Naogopa hapa ndipo patakapokomea.

Jumapili, Mei 25

Jua limetoka toka asubuhi, la kwanza la kueleweka tangu Machi. Nilifungua dirisha la chumbani, nikamkalisha Mama mbele ya kioo, nikafumua mistari ya wiki iliyopita. Mwanga ulikuwa unaingia kwa ubavu, na msusi yeyote atakwambia mwanga wa ubavu hauna adabu, unaonyesha kila kitu.

"Inua nyusi," nikasema, huku nachambua nywele, nusu akili iko kwenye chanuo.

Kulia ukapanda, kama kawaida. Na kushoto, juu ya unyusi, pakatokea kitu. Nikaacha chanuo. Nikamwambia tena, inua. Nikasogeza uso wangu mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Ulikuwapo: mstari mmoja mwembamba, mfupi kuliko kijiti cha kiberiti. Ukakunjika, ukakaa, ukapotea. Nikaogopa kwamba ni kivuli changu, nikajisogeza, nikasema, "Tena, Mama, tafadhali," akainua, na ukarudi palepale.

"Una nini?" akasema. "Umeona nini? Sema, unanitisha."

Mikono yangu ilikuwa kichwani pake. Nilimwangalia kwenye kioo, uso wake chini na wangu juu yake, na mistari yangu yote sita imekunjamana kwa kulia. Nilitafuta namna ya kusema ili asishtuke, na ulimi ukatangulia, kama ulivyozoea.

"Mama," nikasema, "umezeeka."

Akaweka vidole kwenye paji upande wa kushoto, akapapasa, akainua unyusi chini ya vidole vyake mwenyewe. Alipapasa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Haya, suka."